Kuzaliwa Uganda Hakutoshi
Mhadhara juu ya sheria ya uraia, uliotolewa mjini Busia, Uganda

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama na vijana, hamjambo. Nashukuru mmetaka niseme kwa Kiswahili. Katiba yetu inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, ingawa ukikipeleka ofisini bado unatazamwa kama umepotea njia.

Niwaulize. Mtoto akizaliwa usiku wa leo hapa Busia, baba mgeni, mama mgeni, na babu zake hawakuwa na asili yoyote hapa, mtoto huyo ni raia wa Uganda? Nasikia wengi mnasema ndiyo. Sheria inasema hapana. Atafuata uraia wa wazazi wake.

Sasa chukua mama wa hapa kwetu, raia wa kuzaliwa, uchungu umemshika akiwa sokoni ng'ambo ya mpaka, akakimbizwa hospitali ya upande wa Kenya, akajifungua huko. Mtoto wake ni raia wa Uganda wa kuzaliwa, sawasawa na aliyezaliwa Tororo au Mbale. Cheti cha kuzaliwa kitaandikwa Kenya, na hilo halimpunguzii chochote. Sheria yetu haimuulizi mtoto alilala kitanda gani siku ya kwanza. Inamuuliza ni wa nani.

Maneno yenyewe yako Ibara ya 10 ya Katiba ya 1995. Ukizaliwa Uganda, na mzazi au babu au bibi yako mmoja ni wa jamii za wenyeji waliokuwa wakiishi ndani ya mipaka hii tarehe 1 Februari 1926, wewe ni raia. Ukizaliwa popote pale duniani, na mmoja wao alikuwa raia wa kuzaliwa siku ulipozaliwa, wewe pia ni raia. Hao wote ndio sheria inawaita raia wa kuzaliwa.

Kwa nini 1926? Mwaka huo Waingereza walikata eneo la upande wa Turkana kutoka Uganda wakalitia Kenya, na mipaka ikafanana na hii ya leo. Kabla yake, mwaka 1902, walikuwa wameshahamisha mkoa mzima wa mashariki, Kisumu ikiwemo. Kwa hiyo babu wa babu yako angeweza kulala Uganda akaamka Kenya bila kutoka nyumbani kwake. Wasamia na Wateso mnalijua hili kuliko mimi. Mstari ulipita katikati ya koo zenu.

Jamii hizo zimeandikwa kwa majina katika Jedwali la Tatu la Katiba. Zilikuwa 56 mwaka 1995, marekebisho ya 2005 yakazifikisha 65. Wasamia wamo, Wagwe wamo, Wateso wamo. Wanubi wamo, Wanyarwanda wamo. Wamaragoli wa wilaya ya Kiryandongo hawamo, ingawa wameishi huko kwa vizazi, wamelima, wamezikana huko, na wamekwenda Bungeni kuomba waingizwe. Jedwali ni sehemu ya Katiba, na kulibadilisha kunataka theluthi mbili ya wabunge wote. Kenya waliwaingiza Wamakonde wa Kwale mwaka 2017 kuwa kabila la 43. Mimi naona orodha ya namna hii ni kufuli lisilofaa mlango wa uraia, lakini ndiyo sheria tuliyo nayo, na wakili asiyekwambia sheria ilivyo anakudanganya.

Ndipo mnapoona kwa nini fomu ya kitambulisho cha taifa inakuuliza kabila na ukoo. Vijana huona ni upuuzi. Itoe ndagamuntu yako, yaani kadi hiyo ya kitambulisho, mfukoni uitazame. Namba yako inaanza na CM au CF: C ni ya raia, M mwanamume, F mwanamke, halafu tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Hiyo C ndiyo inayogombaniwa. Kadi ni ushahidi wa uraia tu, haiuzai uraia wenyewe. Asiye na kadi anaweza kuwa raia kamili, na aliyeipata kwa kumhonga mtu si raia hata akiilamba.

Kwa wasio na damu hiyo zipo njia nyingine. Mtoto wa miaka isiyozidi mitano aliyeokotwa, wazazi hawajulikani, anahesabiwa raia wa kuzaliwa. Mwenye ndoa na raia anaweza kuomba kuandikishwa ndoa ikishadumu miaka inayotakiwa na sheria. Tajnisi, yaani mgeni kupewa uraia kwa kuwa ameishi nchini muda mrefu, inataka miaka 20 ya kukaa kwa jumla, na miezi 24 ya mwisho bila kukatika. Watetezi wa haki waliuliza mahakamani kuhusu wakimbizi, na mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ikasema njia ya kuandikishwa imefungwa kwao, ila tajnisi wanaweza kuomba. Kwa nchi iliyopokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, hilo si jambo dogo.

Tuje kwenye kupoteza. Wengi mna hofu ya zamani, na ina sababu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka nchini. Hata waliokuwa raia walipanga foleni kukaguliwa karatasi, na aliyechelewa kuukana uraia wa Uingereza aliambiwa wake wa Uganda umekwisha. Mwaka 1982 Wanyarwanda walifukuzwa Ankole, raia wakiwa miongoni mwao. Katiba ya 1995 iliandikwa na watu waliokumbuka hayo. Sababu za kunyang'anywa zilizomo Ibara ya 14, yaani kutumikia jeshi la adui, kupata uraia kwa hila au rushwa, na ujasusi dhidi ya Uganda, zinamhusu aliyeandikishwa. Raia wa kuzaliwa hazimgusi.

Zamani raia wa kuzaliwa aliupoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Mlango huo ulifungwa na marekebisho ya 2005 na sheria ya 2009: sasa mwenye miaka 18 anaruhusiwa kushika uraia wa nchi mbili, lakini kwa kufuata utaratibu wa Bodi ya Uraia na Uhamiaji. Na vipo vyeo asivyoweza kushika, urais ukiwa wa kwanza.

Kuna mama hapa mbele ameuliza: mume wake Mkenya aliandikishwa kuwa Mganda kwa sababu ya ndoa yao, wakiachana atanyang'anywa? Hapana, mama. Ibara ya 12 inasema ndoa ikivunjwa, hata ikibatilishwa na mahakama, anabaki raia mpaka aukane mwenyewe.