Tabora Itajengwa na Nani?

Mwangaluka, ndugu zangu mafundi, makandarasi, na nyinyi vijana wa chuo mliokaa huko nyuma.

Nimeombwa nizungumzie kesho ya ujenzi mkoani kwetu. Naanza na sensa. Mwaka 2012 Tabora ilikuwa na watu 2,291,623. Mwaka 2022 tukahesabiwa 3,391,679. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka zaidi ya milioni moja. Chukua watu sita kwa kaya, utapata kaya zaidi ya 180,000 zinazohitaji pa kulala. Bado hujagusa madarasa, zahanati, wala fremu za maduka.

Mkiulizwa kazi iko wapi, wengi mnataja reli. Ni kweli, SGR, yaani reli ya kisasa, imetufanya njia panda: Makutupora–Tabora, Tabora–Isaka, na kipande cha kwenda Kigoma, kilomita 506, ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Nzega kuna kiwanda cha Sojo kilichojengwa kuandaa mabomba ya mafuta ghafi ya kutoka Uganda hadi Tanga. Hizo ni kazi kubwa, na zimewalisha vijana wetu. Lakini tuta la reli likikamilika, kambi inavunjwa na mitambo inahamia mkoa mwingine. Nyumba za watu haziishi. Mimi naiona kesho ya Tabora kwenye hizo nyumba kuliko kwenye reli.

Na hapo ndipo roho inaniuma, kwa sababu nyumba hizo tunazijenga vibaya. Nenda kwenye kiwanda chochote cha tofali cha pembezoni mwa mji. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 35 za inchi sita, hizo ni tofali. Wapo wanaovuta mpaka 60. Tofali zinafyatuliwa asubuhi, zinaachwa juani bila tone la maji, na kabla wiki haijaisha ziko kwenye kuta. Ikwangue kwa ukucha, inatoka mchanga. Mama wa watu amedunduliza hela ya tumbaku misimu mitatu kununua mchanga ule! Saruji inataka maji ili ikomae. Mwagilia siku saba, funika, acha ishike. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika mjini, kwa hiyo kisingizio cha ukame kimepungua.

Jambo la pili ni udongo. Msingi wa hapa manispaa kwenye udongo wa kichanga usiuhamishie Igunga. Kule mbuga ya Wembere udongo mweusi unavimba ukinyeshewa, na kiangazi unapasuka mpaka mkono unazama. Chimba uuvuke, au uuondoe ujaze changarawe na kushindilia, kisha funga mkanda wa nondo chini, kabla ya kuanza kupandisha kuta. Mteja akilalamika gharama, mpeleke akaone nyumba ya jirani yake iliyokatika kona.

Kuhusu zabuni sitachukua muda mrefu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imetenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Maombi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Kikundi kisichosajiliwa hakionekani humo, hata kama mnajua kupaua kuliko wote Tabora nzima.

Kinachonisumbua zaidi ni fundi mwenye miaka ishirini ya kazi na hana hata karatasi moja. Anamfundisha mhandisi kijana namna ya kusuka nondo, halafu yeye analipwa kama saidia fundi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana kazini na kutoa cheti, bila kukurudisha darasani miaka miwili. Unapimwa kwa mikono yako.

Kwa hiyo leo kabla ya chai, kila fundi asiye na cheti aandike jina, kazi anayoifanya na kata anayotoka. Karatasi ziko kwenye meza ile ya dirishani. Asiyejua kuandika asione haya, vijana wa chuo watamwandikia. Orodha hiyo nitaipeleka chuoni mwenyewe.

Haya, maswali. Tuanze na akina mama wanaoponda kokoto.