Daftari la Kituoni: Nguvu za Polisi na Uwajibikaji nchini Kenya

Waheshimiwa, wazee wetu, walimu, wanafunzi na ndugu zangu nyote, asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumzie matumizi ya nguvu ya polisi na namna wanavyowajibika kwa umma, na bila shaka wengi wenu mmekuja mkitarajia nianze na bunduki. Mniwie radhi, nitaanza na daftari.

Kwa desturi, katika kila kituo cha polisi nchini Kenya, juu ya ile kaunta ndefu iliyochakaa kwa viwiko vya watu, kuna kitabu kikubwa chenye jalada gumu ambamo kila tukio huandikwa kwa mkono, kwa saa yake na kwa namba yake. Jina lake rasmi ni kitabu cha matukio, ingawa hata mama mboga anakiita OB, na mtu akikueleza shida yake, swali la kwanza utakalomuuliza ni kama ameshaandikisha OB. Huko ndani, penye ghala la silaha, kuna daftari jingine ambalo askari hulitia saini anapokabidhiwa bunduki. Inaandikwa namba ya bunduki pamoja na idadi ya risasi, na anapoirudisha zinahesabiwa upya. Kwa mpango huo, hakuna risasi ya serikali inayopaswa kukosa mwenyewe. Hoja yangu jioni hii ni kwamba sheria tunayo, tena nzuri, lakini hufia katika saa chache za mwanzo, pale ambapo maandishi haya hayaandikwi, au yanaandikwa uongo, au yanapotea.

Sheria yenyewe ina kisa chake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka moto, na Tume ya Waki iliyoundwa kuchunguza ghasia hizo ilihesabu vifo 1,133. Kati ya hao, 405 walikufa kwa risasi. Nawaomba mtulie kidogo na namba hiyo. Katika ghasia ambazo raia wengi walishika mapanga, mishale na viberiti, zaidi ya theluthi moja ya waliokufa waliuawa na silaha ambayo raia wa kawaida hana. Ndiyo maana Katiba ya 2010 iliwaunganisha Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala chini ya Inspekta Jenerali mmoja, na mwaka 2011 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi pamoja na ile iliyounda Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ambayo sote tunaiita IPOA. Jina lenyewe lilibadilishwa, kikosi kikawa huduma, na kaulimbiu ya Utumishi kwa Wote bado imeandikwa milangoni mwa vituo.

Ndani ya sheria ile ya 2011 kuna Jedwali la Sita, ambalo naamini lingestahili kubandikwa ukutani katika kila kituo kwa Kiswahili cha kueleweka. Linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu ikilazimu, iwe ya kadiri, ikilingana na uzito wa kosa na ukaidi wa mtu aliye mbele yake. Bunduki ni njia ya mwisho, na kabla ya kufyatua, afisa ajitambulishe na atoe onyo la wazi ambalo mtu ana nafasi ya kulitii. Aliyeumizwa apewe matibabu mara moja na jamaa zake wajulishwe. Aliyetumia nguvu aripoti kwa mkubwa wake, na pakitokea kifo au jeraha baya, mkubwa huyo aiarifu IPOA bila kukawia na alinde mahali pa tukio. Ushahidi usiguswe. Afisa mwenye sare avae jina au namba yake ya kazi paonekane. Tena, na hapa ndipo pananigusa zaidi, jedwali linasema waziwazi kwamba amri ya mkubwa haiwi kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Hebu hesabuni, katika hayo niliyoyataja, ni mangapi yanategemea mtu mmoja kuchukua kalamu na kuandika ukweli dhidi ya mwenzake anayekula naye na kulala naye kambi moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza jirani yangu, mama wa makamo, hadi kituo kimoja ambacho sitakitaja. Mwanawe alikuwa amevunjwa mkono kwa rungu usiku, akitoka kazini. Afande aliyekuwa kaunta alitusikiliza kwa adabu, akachana kipande cha kalenda ya mwaka uliopita, akaandika jina la kijana nyuma yake, kisha akatuambia turudi kesho kwa sababu OB ilikuwa kwa bosi. Yule mama akamtazama, akamuuliza, "Mwanangu, na hiyo karatasi utaiweka wapi?" Hakujibiwa. Tulipata namba ya OB siku ya nne, na tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya siku hiyo ya nne, kana kwamba kijana alivunjika mkono akakaa nyumbani kuupepea. Halafu ikaja fomu ya P3, ile ambayo daktari huijaza kuthibitisha majeraha. Fomu hiyo inatoka polisi. Maana yake ni kwamba aliyepigwa na polisi anakwenda kuwaomba polisi karatasi ya kuthibitisha kwamba polisi wamempiga, na asipokuwa na mtu wa kumsindikiza, wengi huishia langoni.

Sasa tuangalie kesi zilizofika mwisho. Agosti 2014, huko Kinango, Kwale, si mbali na hapa tulipo, maafisa waliingia usiku katika nyumba wakimtafuta mtu mwingine wa familia, na wakampiga risasi msichana wa miaka 14. Walidai aliwashambulia kwa panga. IPOA ilichunguza, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia, ikawafunga miaka 7 kila mmoja. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA. Wapo waliosema miaka 7 ni kidogo kwa uhai wa mtoto, nami sibishani nao, lakini kwa mara ya kwanza hadithi ya panga ilipimwa mahakamani badala ya kufungiwa kabatini.

Kesi ya pili ni ya wakili Willie Kimani. Mteja wake, mwendesha bodaboda, alikuwa amepigwa risasi mkononi na afisa wa polisi, naye akathubutu kulalamika. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, wakili, mteja na dereva wa teksi aliyewabeba walitekwa, na siku chache baadaye miili yao ikaopolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk. Kabla ya kuuawa walifungiwa katika kambi ya polisi ya utawala, Syokimau. Mmoja wao aliandika ujumbe wa kuomba msaada kwenye karatasi ya chooni, akaurusha nje, na mpita njia akauokota. Mwaka 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani maafisa watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wa polisi, na Februari 2023 afisa mkuu katika njama hiyo akahukumiwa kifo. Karatasi ile ilikuwa miongoni mwa ushahidi. Nimesoma sheria kwa miaka mingi, na sijapata kukutana na kielelezo kinachonirudia usiku kama kile: mtu aliye mikononi mwa serikali hana daftari la kumwandika isipokuwa lile analojitengenezea mwenyewe kwa alichokikuta selini.

Kwingine mambo yamekwenda polepole mno. Agosti 2017, mjini Kisumu, mtoto wa miezi 6 alipigwa na polisi nyumbani kwao wakati wa fujo za uchaguzi, akafa siku chache baadaye. Hakimu aliyechunguza kifo hicho alisema mwaka 2019 kwamba polisi walihusika, na ni hadi Oktoba 2022 ndipo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alipoidhinisha maafisa washtakiwe, tena kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikiwemo dhima ya makamanda, yaani wakubwa kujibu kwa matendo ya walio chini yao. Ugumu wa kesi kama hiyo ni kwamba mshale hauonekani umetoka podo la nani. Askari kadhaa wenye kofia na ngao, gizani, hakuna aliyeona namba ya yeyote; ndiyo maana kile kifungu kidogo kuhusu jina juu ya sare kina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Katika maandamano ya 2024, ambapo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu vifo 60, tuliona watu waliofunika nyuso, wasio na sare, wakifyatua risasi kutoka kwenye magari ya kawaida. Mahakama Kuu ilibidi iamuru, Agosti mwaka huo, kwamba maafisa wanaopelekwa kwenye maandamano wasijifiche. Amri ya kuwataka polisi wafanye jambo ambalo sheria ilikuwa imeshawaamuru tangu 2011!

Juni 2025 tukapata somo jingine. Mwalimu mmoja kijana aliyekuwa akiandika mitandaoni alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Siku chache baadaye uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na alama za kipigo mwilini, mambo ambayo mtu hajifanyii mwenyewe, na Inspekta Jenerali akalazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa maelezo yale ya awali. IPOA nayo iliiambia Seneti kwamba watu 20 walikuwa wamefia mikononi mwa polisi katika muda wa miezi minne, na kwamba kamera za CCTV za kituo zilikuwa zimechezewa. Angalieni mpangilio wake: kilichoiangusha taarifa ya polisi ni ripoti ya daktari, na kama familia ingekubali kuzika haraka, ule ukuta ungebaki kuwa ndio muuaji.

Nitasema neno kuhusu viongozi. Katiba, kifungu cha 245, inaruhusu Waziri kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera, na inataka maelekezo hayo yawe kwa maandishi. Mwezi huo huo wa Juni 2025 Waziri wa Usalama alinukuliwa akisema anayekaribia kituo cha polisi apigwe risasi. Baadaye akajitetea kwamba hakutoa amri. Julai, Rais William Ruto akasema anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi mguuni, apelekwe hospitali, kisha kortini. Najua machungu ya mfanyabiashara aliyechomewa duka, nami ndugu zangu wamo katika biashara. Lakini Jedwali la Sita halina kipengele cha risasi ya mguu, na daktari yeyote atawaambia kwamba paja lina mshipa mkubwa ambao ukikatika mtu huenda asifike hospitali akiwa hai. Konstebo aliye barabarani akilishika neno hilo la jukwaani, siku ya kesi atasimama peke yake, kwa sababu hakuna karatasi iliyotiwa saini ya kumkinga, na hata ingekuwepo, sheria haimkubalii kuitumia kama kinga.

Nawaonea huruma konstebo hao kuliko mnavyodhani. Wapo wanaouawa kazini, wapo wanaolala watatu katika chumba cha mabati, na wapo wanaotumwa kukabili umati wakiwa na bunduki ya vita mkononi bila ngao wala mafunzo ya kutosha ya kutuliza fujo. Askari aliyefyatua risasi kihalali ndiye anayeihitaji OB iliyoandikwa sawasawa kuliko mtu mwingine yeyote.

Lipo pengo moja ambalo lazima nilitaje kabla ya maswali. Mtu akiuawa na polisi, hadi leo kwa kawaida ni polisi wanaoubeba mwili, wanaoandika karatasi za kuuingiza mochari na wanaoomba uchunguzi wa maiti. Hata kichwa cha risasi kinachotolewa mwilini hupelekwa kupimwa katika maabara ya idara ya upelelezi, ambayo ni idara ya polisi wenyewe. Mwaka 2017 ilitiwa saini sheria ya kuunda huduma ya taifa ya wachunguzi wa vifo, watu huru ambao wangefika mahali pa tukio na kuushika mwili kwa niaba ya umma. Miaka mingi ikapita sheria ipo na ofisi haipo. Mpaka hapo, kazi inabaki kwa jamaa wa marehemu. Msikubali mwili upasuliwe kabla daktari mnayemwamini hajasimama pale mezani. Ulizeni namba ya OB siku hiyo hiyo, na ikiwa mnakataliwa, andikeni saa, jina la aliyekataa na mlilolisikia, kisha myapeleke hayo IPOA, ambayo hupokea malalamiko bila malipo na bila kuhitaji wakili. Na aliyeokota ganda la risasi barabarani asilichezee wala kuliosha. Aliweke kwenye bahasha na kulikabidhi mbele ya shahidi, kwa sababu lina alama za bunduki iliyolitema.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Karibu, mama.