Mbio za Mei, hesabu za Juni: Aston Villa na gharama ya kucheza Ulaya

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Mada ya leo ni fedha za klabu, ujenzi wa kikosi na mbio za kufuzu Ulaya. Nitashika klabu moja tu, Aston Villa ya Birmingham, kwa sababu mtu akizungushwa klabu kumi hutoka na majina mengi bila kuelewa hata hesabu moja. Villa inatufaa kwa sababu nyingine pia: Januari 2020 ilimsajili Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania, kutoka Genk ya Ubelgiji, na wengi humu ndani walianza kuifuatilia siku hiyo.

Basi tuanze na Samatta. Taarifa za wakati ule zilitaja ada ya pauni milioni 8.5 na mkataba wa miaka minne na nusu. Shabiki anasema klabu imetumia milioni 8.5. Mhasibu hasemi hivyo. Kwake, usajili wa mchezaji ni mali ya klabu, kama basi la kubebea timu, na gharama ya mali hugawanywa kwa muda itakaotumika. Chukua 8.5, gawanya kwa 4.5, unapata kama milioni 1.89 kwa mwaka. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye hesabu ya faida na hasara kila mwaka, juu yake mshahara. Fedha taslimu ina ratiba yake kando: ada nyingi hulipwa kwa mafungu, na klabu inaweza kuwa na vitabu visafi huku benki hakuna kitu, au kinyume chake.

Sasa muuze. Tuseme, kwa mfano tu, mchezaji wa bei hiyo anauzwa baada ya mwaka mmoja na nusu. Vitabuni amebakiza milioni 5.67. Ukimuuza kwa milioni 6, faida yako ni kama pauni 330,000. Ukimuuza kwa milioni 4, umeandika hasara ya milioni 1.67, hata kama hizo milioni 4 zimeingia benki leo asubuhi. Kwa hiyo mtu akikwambia klabu fulani imeuza mchezaji kwa bei kubwa, muulize kwanza: vitabuni alikuwa amebakiza ngapi?

Na kuna mchezaji ambaye vitabuni ni sifuri tangu siku ya kwanza. Huyo ni kijana aliyelelewa na klabu yenyewe. Hakununuliwa, hivyo hakuna cha kugawanya. Agosti 2021 Villa ilimuuza Jack Grealish kwa Manchester City kwa pauni milioni 100, na karibu fedha yote hiyo ikawa faida, tena faida inayoandikwa mara moja katika mwaka ule ule. Gharama ya kununua inatambaa miaka mitano. Faida ya kuuza inatua siku moja. Mkilishika hilo, nusu ya mambo ya ajabu mnayoyaona kwenye dirisha la usajili mtayaelewa.

Hesabu hizo zina kikomo. Kanuni ya Ligi Kuu ya England iliyowekwa kutumika hadi msimu wa 2025/26 inasema hasara isizidi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu, na hiyo ni pale wamiliki wanapoifidia kwa mtaji wao. Wasipoifidia, mwisho ni milioni 15. Klabu iliyokuwa daraja la pili katika mojawapo ya misimu hiyo hupewa kiwango cha chini zaidi. Matumizi ya akademi, timu ya wanawake, shughuli za jamii na miundombinu hutolewa kabla ya kupima. Lakini jambo lenye makali ni kwamba dirisha la misimu mitatu linatembea: kila mwaka msimu mmoja unaingia, mmoja unatoka.

Tazameni Villa. Msimu wa 2021/22, kwa fedha ya Grealish, hesabu zilikaribia kuwa sawa, bila faida wala hasara ya kutajwa. Msimu wa 2022/23, hasara ya milioni 119.6. Msimu wa 2023/24, hasara ya milioni 85.9. Hizo ni hasara za vitabuni kabla ya makato niliyoyataja. Grealish alikuwa ameshaondoka zamani, lakini aliendelea kuikinga klabu kwenye karatasi. Msimu wa 2024/25 ulipoingia kwenye dirisha, ule wa 2021/22 ukatoka, na Grealish akaondoka mara ya pili.

Hasara hizo hazikutokana na uzembe. Kocha Unai Emery alichukua timu mwishoni mwa 2022, akamaliza wa 7, msimu uliofuata wa 4. Kikosi cha kufika huko kina bei, na katika miaka hiyo mishahara ilikuwa inakula karibu pauni 9 katika kila 10 za mapato. Villa ilitumia kwanza kama klabu ya Ligi ya Mabingwa, ndipo ikawa klabu ya Ligi ya Mabingwa. Naona ulikuwa uamuzi wa makusudi, na sijui njia nyingine ambayo klabu ya kiwango chake ingeivunja safu ya wale wakubwa. Ila njia hiyo haina breki.

Ndiyo maana Juni 2024 ikawa vile. Vitabu hufungwa tarehe 30 Juni. Kabla ya siku hiyo Villa ilimuuza Omari Kellyman, kijana aliyekuwa hajazoeleka kikosi cha kwanza, kwa Chelsea kwa taarifa ya pauni milioni 19, na ikamnunua Ian Maatsen kutoka Chelsea hiyo hiyo kwa milioni 37.5. Tim Iroegbunam alikwenda Everton, Lewis Dobbin akatoka Everton kuja Villa. Kila uhamisho ulisimama kwa mkataba wake. Lakini wekeni hesabu ubaoni: Kellyman ni karibu milioni 19 za faida papo hapo. Maatsen, ukigawanya kwa miaka mitano, ni milioni 7.5 kwa mwaka. Chelsea nao, kwa kuwa Maatsen alilelewa kwao, wameandika milioni 37.5 za faida na kumgawanya Kellyman taratibu. Pande zote mbili zinacheka tarehe 30 Juni, na zote mbili zimejiwekea deni la gharama kwa miaka inayofuata. Miaka mitano ndiyo kikomo cha kugawanya ada, maana Chelsea ilikuwa imeanza kutoa mikataba ya miaka minane na nusu kwa akina Enzo Fernández na Mykhailo Mudryk. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikafunga mlango huo 2023, na Ligi Kuu ikafuata mwezi Desemba mwaka ule ule.

Kwa nini wasisubiri Agosti, bei ipande? Nottingham Forest walisubiri. Walikuwa na Brennan Johnson, mtoto wa nyumbani. Hawakumuuza kabla ya 30 Juni 2023. Walimuuza kwa Tottenham siku ya mwisho ya dirisha, 1 Septemba, kwa pauni milioni 47.5. Kibiashara walifanya vizuri kuliko kuuza mapema. Kikanuni faida ile iliangukia mwaka usiofaa. Kikomo chao kilikuwa milioni 61, kwa kuwa walitoka daraja la pili, nao wakakivuka kwa milioni 34.5. Machi 2024 walipokonywa pointi 4. Everton, kwa kuvuka kikomo, walikatwa 10 zikapunguzwa hadi 6 kwa rufaa, kisha wakakatwa nyingine 2 kwa kosa la kipindi kilichofuata. Tangu hapo hakuna mkurugenzi wa michezo anayelala vizuri mwezi Juni.

Haya, tuje kwenye kinachotafutwa. Ligi ya Mabingwa ya muundo mpya ilianza 2024/25: timu 36, mechi 8 kwa kila timu. Kuingia tu ni yuro milioni 18.62. Ushindi ni milioni 2.1, sare 700,000. Villa walishinda mechi 5, ikiwemo Bayern 1-0 pale Villa Park, wakatoka sare na Juventus, wakafungwa na Club Brugge na Monaco. Hiyo ni milioni 11.2 ya matokeo. Walimaliza wa 8, nafasi ya mwisho ya kuingia 16 bora moja kwa moja: bonasi ya milioni 2, na fungu la nafasi kwenye msimamo karibu milioni 8. Hatua ya 16 bora milioni 11. Robo fainali, walikotolewa na PSG kwa jumla ya 5-4, milioni 12.5. Jumlisheni: kama yuro milioni 63, kabla ya fungu linalotegemea soko la televisheni na rekodi ya klabu Ulaya, na kabla ya viingilio vya uwanjani.

Matokeo yale yale ya mechi 8 yangelipwa vipi kwenye Ligi ya Europa? Kuingia milioni 4.31, ushindi mmoja 450,000, sare 150,000. Kuingia na matokeo kwa pamoja ni milioni 6.71, dhidi ya 29.82 za Ligi ya Mabingwa. Mishahara lakini haishuki kwa uwiano huo. Mchezaji aliyesaini akiahidiwa Ligi ya Mabingwa anaweza kuwa na kipengele cha kukatwa bonasi. Mshahara wa msingi unabaki pale pale.

Katikati ya msimu ule kulitokea jambo linaloonyesha ugumu wa kujenga kikosi chini ya kanuni hizi. Januari 2025 Villa ilimuuza Jhon Durán kwa Al-Nassr kwa taarifa ya yuro milioni 77. Alikuwa amenunuliwa kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo, hivyo faida ilikuwa nono. Wakaja Marcus Rashford na Marco Asensio kwa mkopo, Axel Disasi kwa mkopo, na Donyell Malen akanunuliwa kutoka Dortmund. Mkopo hauna cha kugawanya vitabuni; unalipa mshahara au sehemu yake, basi. Ubaya wake ni kwamba msimu ukiisha huna mchezaji na huna cha kuuza. Halafu UEFA inaruhusu kuongeza wachezaji wapya watatu tu baada ya hatua ya ligi. Emery akawaandikisha Rashford, Asensio na Disasi. Malen, aliyenunuliwa kwa ada, akabaki nje ya orodha ya Ulaya hadi mwisho.

Tarehe 25 Mei 2025, siku ya mwisho ya ligi. England ilikuwa imepata nafasi ya tano ya Ligi ya Mabingwa kwa matokeo ya klabu zake Ulaya. Newcastle, Chelsea na Villa wote walikuwa na pointi 66. Villa walikuwa Old Trafford. Kipa Emiliano Martínez akapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Ikiwa bado 0-0, dakika ya 73, Morgan Rogers aliupokonya mpira kwa kipa na kuusukuma wavuni, lakini mwamuzi alikuwa amepuliza kabla mpira haujavuka mstari. Filimbi ikishalia, VAR, yaani waamuzi wa video, haina la kufanya. Dakika tatu baadaye Amad Diallo akafunga, na mechi ikaisha 2-0. Kumbukeni kwamba Newcastle nao walifungwa 1-0 nyumbani na Everton. Sare tu ingewatosha Villa. Wakamaliza wote na 66, na nafasi ya tano ikaenda kwa Newcastle kwa tofauti ya mabao: Newcastle +21, Villa +7.

Julai ikaja barua ya UEFA. Huko kuna kipimo cha pili: mishahara ya wachezaji na kocha, migawanyo ya ada na malipo ya mawakala, vyote kwa pamoja visizidi asilimia fulani ya mapato ukijumlisha faida ya mauzo ya wachezaji. Ilikuwa asilimia 90, ikashuka 80, na tangu 2025/26 ni 70. Kinapimwa kwa mwaka wa kalenda, si wa msimu. Villa walitozwa yuro milioni 5 kwa hasara na milioni 6 kwa kipimo hiki, na juu yake wakabanwa: hawaandikishi mchezaji mpya kwenye orodha ya Ulaya mpaka waliotoka wafidie gharama ya wanaoingia. Chelsea walipigwa milioni 31. Wao walikuwa wameuza hoteli mbili kwa kampuni dada kwa pauni milioni 76.5, na Ligi Kuu iliyakubali mauzo hayo. UEFA haihesabu mauzo ya mtu kwa nafsi yake.

Agosti Villa wakamuuza Jacob Ramsey, mzaliwa wa Birmingham aliyelelewa klabuni tangu utotoni, kwa karibu pauni milioni 40. Aliyenunua ni Newcastle, hao hao waliowapita kwa tofauti ya mabao.

Kuna swali limetoka huko nyuma, na ni zuri: wamiliki ni mabilionea, Nassef Sawiris na Wes Edens, kwa nini wasiweke fedha zao tu? Wanaweza kuziweka. Wanaweza kujenga jukwaa, akademi, uwanja wa mazoezi, na hakuna atakayewauliza. Hawawezi kuzigeuza mishahara kupita kikomo. Juni 2024 Villa walipendekeza kikomo kipande kutoka 105 hadi 135. Klabu nyingine zikakataa. Klabu za Ligi Kuu zimeshapiga kura kuhamia kipimo cha asilimia ya mapato kuanzia 2026/27, asilimia 85, huku zile zinazocheza Ulaya zikiendelea kubanwa na 70 ya UEFA. Maana yake ni kwamba klabu ya nafasi ya 9 isiyocheza Ulaya itaruhusiwa kutumia sehemu kubwa zaidi ya mapato yake kuliko ile ya nafasi ya 6 inayocheza. Na mapato ya kibiashara ya Villa bado hayajafika ya Arsenal wala Liverpool, kwa hiyo asilimia ile ile kwao ni fedha kidogo zaidi. Karibuni maswali mengine.