Mwanasheria Anayejua Hesabu Aende Wapi?

(Mhadhara kwa wahitimu, Kampala)

Wanangu, habari za mchana. Walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana nimerudi na neno lile lile, kwamba sheria na hesabu ziende pamoja, na nitaendelea kulirudia mpaka lisikike.

Binti mmoja ameniandikia. Ana shahada ya uchumi, akaongeza ya sheria: miaka saba darasani. Anataka kufanya kazi ya sera za jamii, yaani pensheni, afya, elimu, watu wenye ulemavu. Wajomba zake wanamwambia achague moja: aende Law Development Centre (LDC), chuo cha mafunzo ya uwakili, awe wakili, au aombe kazi benki. Anauliza, "Mama, nimepoteza miaka?"

Hapana, mwanangu. Nitakuonyesha kwa kisa cha bibi mmoja, jjajja kama tunavyosema hapa.

Mnaijua ruzuku ya serikali kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi. Ilianza katika wilaya chache za majaribio, kwa wenye miaka 65 na zaidi, na kwa eneo la Karamoja miaka 60. Ilipoanza kupanuliwa mwaka 2015 fedha hazikutosha, na kwa wilaya mpya kanuni ikawa wazee 100 wakongwe zaidi wa kila gombolola, yaani tarafa ndani ya wilaya. Mia moja tu. Mzee wa 101 anabaki nje hata kama wamepishana siku moja.

Mwaka uliofuata nilikwenda na wenzangu wawili, mchumi na mwanasheria, kuangalia orodha zinavyopatikana. Bibi huyo alikuwa ameketi nje ya mahali pa malipo tangu alfajiri, na jina lake halikuwamo. Alizaliwa mwaka wa nzige, kama mwaka 1931 hivi. Ndaga Muntu yake, yaani kitambulisho cha taifa, ilisema 1941. Aliyemjazia fomu alimkadiria kwa macho, akaandika, akamwita anayefuata.

Mwenzangu mchumi akamwingiza kwenye jedwali lake: aliyestahili akakosa, mmoja. Mwenzangu mwanasheria akaandika kwamba Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 inaruhusu kosa lirekebishwe, basi njia ipo. Wote wawili walikuwa sahihi, na bibi akarudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu.

Nilimfuata. Nikamwuliza kuhusu watoto wake. Akatoa kadi ya ubatizo ya kifungua mimba wake, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni: 1950. Haya, toeni. Kama mama alizaliwa 1941, alijifungua akiwa na miaka tisa! Kosa lilionekana kwa hesabu ya darasa la pili, na ushahidi ulikuwa mkononi mwake miaka yote hiyo. Hakuna aliyemwuliza. Kisha nikauliza nauli. Kwenda na kurudi mjini wilayani ilikuwa 18,000, na ilibidi aende mara mbili: kupeleka maombi, kisha kuchukua kitambulisho kipya. Hiyo ni 36,000, zaidi ya ruzuku ya mwezi mzima, na hiyo ruzuku yenyewe hajaanza kuipata. Sheria ilimpa haki, nauli ikamnyang'anya. Mwenzangu wa sheria hakupiga hesabu ya nauli, na wa uchumi hakujua kwamba kadi ya ubatizo ni ushahidi. Binti yangu huyu mwenye shahada zote mbili angeyaona yote mawili kabla ya saa nne asubuhi.

Tena sikilizeni. Ruzuku ilipokuja kuenea nchi nzima, anayeingia upya alitakiwa awe na miaka 80. Kwa kitambulisho kile bibi angefikisha 80 mwaka 2021. Kwa umri wake wa kweli angekuwa na 90. Hiyo 80 ilitoka wapi? Haikutoka kwenye Katiba. Ilitoka kwenye mfuko: fedha zilizopo, gawa kwa vichwa, pandisha umri mpaka zitoshe. Anayesoma sheria bila kusoma mfuko ataibishia hiyo namba maisha yake yote asijue ilikozaliwa.

Namsikia mtu anasema: Mama, hiyo ni huruma, mshahara uko wapi? Usiniambie kazi haipo wakati sheria imeiandika. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inadai bajeti ipate cheti cha jinsia na usawa, na Tume ya Fursa Sawa ndiyo inayopima. Lazima awepo mtu wa kufungua bajeti ya kila wizara na kuuliza mlemavu yuko ukurasa wa ngapi. Bunge lina Ofisi ya Bajeti, tangu sheria ya 2001. Pale Makerere kuna kituo cha utafiti wa sera za uchumi. Na mashirika yanayoishtaki serikali yanatafuta wapiga hesabu.

Chukua Ombi la Kikatiba namba 16 la 2011, la akina mama wawili waliofariki wakijifungua, Mityana na Arua. Mahakama ya Katiba ilikataa kulisikiliza, ikasema hayo ni mambo ya wanasiasa. Mahakama ya Juu ikalirudisha mwaka 2015. Agosti 2020 walioomba wakashinda, na serikali ikaamriwa iongeze fedha za afya ya uzazi. Miaka tisa! Sasa niambieni: kuongeza ni kiasi gani? Jaji hajui. Wakili akijibu peke yake, atabahatisha.

Nilitaka kuzungumzia NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, na mabadiliko yake ya 2022, lakini naonyeshwa saa. LDC nenda, kama ada ipo na unataka kusimama mahakamani; kama unataka sera tu, usikope kwa ajili hiyo. Shahada ya pili ng'ambo ingoje kwanza, mpaka umeketi siku nzima kwenye foleni moja ya malipo.

Na wewe binti, najua umo humu ndani. Waraka wa awali wa bajeti hutakiwa kufika bungeni kufikia tarehe 31 Desemba. Nina nakala tatu za mwaka jana hapa mezani. Njoo na kalamu, tuanze na ukurasa wa wazee.