Kuchomekea Wimbi

Asalaam aleikum, na habari za jioni.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2024, wakati wa Michezo ya Olimpiki, nililetewa picha niitafsirie maelezo. Wengi wenu mliiona: Gabriel Medina wa Brazili, mtelezaji wa mawimbini kwa ubao, yuko hewani pale Teahupoʻo, Tahiti, kidole kimoja juu, na ubao wake umesimama wima pembeni yake kama kivuli, kamba ikiwa kifundoni. Nikaandika, "Aruka kwa furaha." Sivyo. Medina alikuwa anatoka wimbini. Mtelezaji akimaliza kazi huupandisha ubao mpaka mgongoni mwa wimbi, wimbi likaenda zake ufukweni, yeye akabaki nyuma. Wenyewe wana neno moja tu kwa hilo, "kickout". Mimi sikuwa nalo, nikaziba pengo kwa furaha. Majaji walimpa 9.90 kati ya 10, kwa hiyo furaha hakukosa, lakini picha haikuwa inasema hivyo.

Tangu siku ile nayaokota maneno ya watelezaji. Watu huyadharau, husema ni misimu ya vijana wa California wasio na kazi. Mengine kweli ni ya utani. "Kook" ni yule aliyenunua ubao jana na leo anagonga watu. "Grom" ni mtoto asiyetoka majini mpaka mama aite. "Goofy" ni anayetanguliza mguu wa kulia. "Hang ten" ni kutembea mpaka ncha ya ubao mrefu na kuning'iniza vidole vyote kumi vya miguu. Haya yapo, tuyaache.

Mzizi wenyewe uko Hawaii. Mchezo huu huko huitwa heʻe nalu. Nalu ni wimbi. Heʻe ni kuteleza, na pia ni pweza! Aliyewahi kumng'oa pweza mwambani akamponyoka mkononi hahitaji kamusi kuona undugu wa maneno hayo mawili. Kwa hiyo sisi tunaosema "kuteleza mawimbini", bila kujua, tumesema Kihawaii.

Na Wahawaii hawakuwa na neno "wimbi" tu. Lauloa ni wimbi refu linalovunjika kwa pamoja toka mwisho huu wa ufuko hadi ule. Halikuachii pa kukimbilia, linakuzika. ʻŌhū linainuka taratibu bila kuvunjika, ila lina nguvu ya kubeba ubao. Muku ni kile kipande kilichokwisha kuvunjika. Ubao nao ulikuwa na ngazi zake: alaia mwembamba, na olo mrefu, ambao ulikuwa wa machifu. Luteni James King alipowaona watelezaji wa Kealakekua mwaka 1779 na kuandika habari zao, alikuwa anatazama elimu, si watoto wanaocheza.

Sasa niwaambie neno lililonipa kazi kuliko yote. Baharini kuna sheria moja kubwa: aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika, wimbi ni lake. Ukiingia mbele yake umemkosea adabu, na unaweza kumvunja mbavu. Kiingereza husema "drop in", yaani kudondokea ndani, na nikilitafsiri hivyo hakuna atakayekasirika. Nililizungusha wiki nzima. Siku moja niko kwenye daladala Mwenge, foleni imeganda, gari dogo likapenyeza pua mbele yetu, konda akatoa kichwa dirishani: "Oya, unachomekea!" Nikashuka kituo kilichofuata, nikaandika. Kuchomekea. Lina foleni ndani yake, lina haki ya aliyetangulia, na matusi yamo.

La pili nilipewa na mvuvi wa Kunduchi. Watelezaji husifu sana upepo utokao nchi kavu kwenda baharini. Unalipiga wimbi usoni, unalishikilia lisianguke mapema, likasimama, likajikunja, likaacha tundu ndani ambamo mtu anapita akiwa amesimama. Upepo wa baharini kinyume chake: unalisukuma kisogoni, linaporomoka kabla ya wakati wake. Nilikwisha andika "ofushoo", nikiwa na aibu kidogo. Nikamwuliza mzee, baada ya shikamoo, upepo wa alfajiri unaotoka bara wanauitaje. Akanitazama kama nimeuliza jina la jua. "Huo si umande?" Kumbe neno lilikuwepo, ila siku hizi limebaki kwenye majani mabichi ya asubuhi, tukasahau kwamba ni upepo.

Neno moja silitafsiri kabisa. Ile ishara ya dole gumba na kidole cha mwisho, vingine vimekunjwa, huko Hawaii huitwa shaka. Maana yake ni kwamba mambo shwari, usijali. Fikiria nitangaze redioni, "Mshindi awaonyesha mashabiki shaka." (Mnacheka. Mhariri wangu hakucheka.)

Nimalizie Waikīkī. Wapanda mawimbi wa leo wana mahali pa mawimbi makubwa wanapopaita Castles. Jina la zamani ni Kalehuawehe, yaani lehua iliyovuliwa. Lehua ni ua jekundu la huko. Masimulizi yanasema kijana mmoja aliteleza wimbi moja na malkia, jambo ambalo kwa mwiko wa siku zile lingeweza kumgharimu roho. Hapo hapo majini akavua shada lake la lehua, akamvika malkia. Kwa maneno ya Mwenge, kijana alichomekea, na shada lile ndilo lililokuwa faini yake.

Haya, maswali. Naona mkono pale nyuma.