Kilomita 193 za Tanga hadi Dar

SUDI: Shikamoo dada Rehema.

REHEMA: Marahaba mdogo wangu. Wasikilizaji karibuni, tuko hapa hapa Tanga mjini. Hebu soma ule ujumbe wa msikilizaji wetu wa Pongwe.

SUDI: Anasema mama yake ana kliniki hospitali ya Muhimbili, Dar, saa tatu asubuhi. Ameangalia kwenye simu, Tanga hadi Dar kilomita 193. Wakitoka alfajiri saa kumi na moja, si watawahi?

REHEMA: Hawatawahi. Simu haijadanganya, ila imepima mstari ulionyooka. Weka rula kwenye ramani: karibu mstari wote uko baharini, unaigusa Unguja upande wa mjini, ndipo unaingia Dar. Jahazi sawa, ndege sawa. Basi litapita wapi?

SUDI: Barabara ni kama 350.

REHEMA: Na sikiliza zinavyoliwa. Ukitoka stendi ya Kange, basi linaipa bahari mgongo: Pongwe, Muheza, mpaka Segera. Kilomita 70 hivi zimekwenda. Sasa pima kwa rula ile ile, Segera hadi Dar. Umeikaribia Dar kwa kilomita 10 na ushee tu!

SUDI: Weee! Sabini zote zile?

REHEMA: Zote. Ndiyo kwanza unakata kusini: Kabuku, Mkata, unavuka Wami, Msata, Chalinze. Na Chalinze bado una 100 na kitu kurudi mashariki. Wengine hukatia Msata wakapitia Bagamoyo.

SUDI: Lakini pwani ndiko karibu.

REHEMA: Pwani kuna mito. Pangani inamwaga baharini pale, Wami inamwaga kule, na katikati hifadhi ya Saadani. Barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo ndiyo hiyo inajengwa, pamoja na daraja la Pangani. Mimi naisubiri kwa moyo wote, maana watu wa Pangani wamezungushwa sana.

SUDI: Tumpe saa sasa, kilomita zimetosha.

REHEMA: Mwendo wa basi mwisho wake kilomita 80 kwa saa, na penye makazi 50. Hata likienda 80 mwanzo mwisho ni safari ya saa nne na zaidi. Weka vijiji, weka abiria wa njiani, weka kuchimba dawa: saa tano na nusu, sita. Hapo umefika stendi ya Mbezi, Muhimbili bado, na foleni unaijua.

SUDI: Kwa hiyo?

REHEMA: Wasafiri siku moja kabla, basi la asubuhi, walale kwa ndugu. Mama akae upande wa dereva, kwa sababu kuanzia Segera jua la asubuhi linapiga kushoto. Dawa zake na karatasi za kliniki awe nazo mkobani, zisiingie kwenye buti.