Wagonjwa wangapi wodini wana sonona? Inategemea umeuliza lini

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili, magonjwa ya akili kwa wagonjwa waliolazwa yanaongezeka au la? Na mimi huwa naanza kwa kuuliza, mlihesabu kwa kutumia nini, na siku gani?

Maana chukua dodoso la PHQ-9, lilitoka 2001, maswali 9, kila moja lina hadi pointi 3, ukifika 10 tunaanza kushuku sonona. Sasa mgonjwa wa moyo usiku halali sababu pumzi inabana, mchana kachoka, chakula hakishuki, kutembea ni taratibu mpaka watu wanaona, hayo manne yakimtokea karibu kila siku kashapata 12, na hajasema popote kwamba ana huzuni! Ndo maana madaktari wa akili Zigmond na Snaith mwaka 1983 walitengeneza dodoso la HADS kwa ajili ya hospitali, maswali 14, 7 ya wasiwasi na 7 ya sonona, dalili za mwili wakaziacha makusudi. Ukitumia lile mwaka huu na hili mwakani halafu utangaze sonona imeshuka, ujue kilichobadilika ni karatasi tu.

Siku nayo ina mambo yake. Ukihesabu kwa siku moja, aliyelazwa siku 2 akatoka anakupita, wa wiki 6 lazima umkute, na wenye sonona mara nyingi ndo wanaokaa sana, kwa hiyo asilimia inapanda. Halafu kuna kule kuchanganyikiwa kwa ghafla, asubuhi raundi inamkuta anaongea vizuri, jioni hajui yuko wapi, na akichanganyikiwa kimya kimya anaandikiwa sonona (hii inanikera kuliko zote).

Wasiwasi wa siku ya kulazwa kwa wengi unapungua wenyewe. Wasiopungukiwa ndo wa kuwatafuta, maana baada ya shambulio la moyo takriban mtu 1 kati ya 5 anapata sonona kali, na inamwongezea hatari ya kufa. Kwa hiyo ulizeni akiingia, akikaribia kutoka, na akishakuwa nyumbani, dodoso lilelile, watu walewale. Na ambao hamkuwapata tena waandikeni, wengi wao ndo walikuwa hoi zaidi, ukiwafuta kwenye jedwali asilimia inashuka bila mtu hata mmoja kupona.